Mlango wa Disketi Usio na Hodi

Katika hospitali ile nzima, kuanzia daktari mkuu hadi mlinzi wa geti, mtu pekee aliyejua kompyuta inafanya nini tumboni mwake nilikuwa mimi. Silisemi hili kwa kujisifu bure. Ndivyo ilivyokuwa, na ndicho chanzo cha yote ninayoyasimulia hapa.

Nilizaliwa mtoto wa nne katika kihamba, shamba la ukoo wetu, huko Old Moshi, kwa baba aliyekuwa na migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa kufungwa ndani. Viatu vyangu vya kwanza nilivivaa siku ya kipaimara. Sikuwa na mjomba serikalini wala shangazi mwenye nyumba Dar. Nilikwenda ng'ambo kwa juhudi zangu, nikasugua masufuria katika jiko la hospitali ya nchi ya baridi, mchana nasugua, jioni nasoma, mpaka nikapata stashahada ya kompyuta. Wenzangu wengi walibaki huko. Mimi nilirudi, na stashahada yangu nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika ukutani juu ya mashine, mahali ambapo kila aingiaye ofisini lazima aione.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Sabuni iligawiwa kwa kipande, petroli kwa kibali, na karatasi nyeupe ilikuwa kitu cha kufungia kabatini. Kompyuta nazo hazikuingia nchini hivi hivi. Yetu ilitolewa na marafiki wa hospitali walioko nje, ilikuwa imeshazeeka huko kwao, na kibali chake kilichukua muda mrefu hata kreti lilipofika tulikuwa tumeshaacha kuliulizia.

Kazi yake kubwa ilikuwa moja. Hospitali yetu ilikuwa mlimani, na haikuweza kuweka damu kwa muda mrefu. Jokofu lilikuwepo, ila umeme haukuwa wa kuaminika. Kwa hiyo benki yetu ya damu ilitembea kwa miguu yake vijijini: watu waliokwisha kupimwa, wakakubali kuitwa siku watakapohitajika. Tuliwagawa katika maeneo sita, na kila eneo likapewa disketi yake. Disketi za wakati ule zilikuwa kama bahasha nyeusi ya plastiki, pana kuliko kiganja, na laini kiasi kwamba ukiishika vibaya inapinda. Old Moshi disketi yake, Mwika disketi yake, na kadhalika. Unaitia kwenye tundu la mashine, unafunga kimlango chake, taa nyekundu inawaka, na majina yanakuja kwenye kioo: jina, kijiji, mahali anapoishi, kazi yake, kundi la damu.

Siku ya kuizindua nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikawaeleza. Nilieleza vizuri sana, hata daktari mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwishoni nikasema, "Mashine hii ina akili. Ukitoa disketi hii ukatia nyingine, yenyewe itajua."

Mama karani akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mzima, amekaa masjala ya hospitali tangu mimi niko shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akabidhiwe mashine ile chini yangu.

"Itajuaje, mwanangu?"

"Mama, hayo ndiyo niliyoyasomea miaka yote ile."

Watu walicheka. Alicheka na yeye, akaandika jibu langu kwenye daftari lake.

Kweli mashine za chuoni kwetu zilijua. Yetu sikuijaribu. Kitabu chake cha maelekezo nilikisoma kama mtu anayesikiliza hadithi aliyokwisha kuisikia, nikiruka huku na huku, na sehemu ya kubadilisha disketi ilikuwa karibu na mwisho, kwa maandishi madogo.

Jumanne moja asubuhi daktari mkuu aliingia ofisini kwetu bila kuketi. Alikuwa na mama mmoja wodini, mimba imetimia, na kondo la nyuma limekaa mahali pabaya, mbele ya njia ya mtoto. Angefanyiwa operesheni Ijumaa asubuhi, na pengine angetokwa na damu nyingi. Damu yake ilikuwa O hasi, kundi la watu wachache sana.

"Mumewe tumempima, hafai," alisema. "Ndugu zake wengine wote wako Kigoma. Wao ni watu wa mashamba ya miwa kule chini, hawana mtu hapa. Nitafutieni O hasi. Mmoja tu nikimpata, nitashukuru. Nisipompata, nitaingia chumba cha operesheni mikono mitupu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikumbuka kwamba katika maeneo yote sita, ni Mwika tu palipokuwa na watu wa kundi hilo, wawili au watatu. Majina sikuyakumbuka. Nani hukumbuka majina wakati mashine ipo?

Nikaenda stoo kutafuta utepe wa printa, nikamwachia mama karani kazi. Alikuwa amefungua orodha ya Old Moshi, anasahihisha kijiji cha mtu aliyehama. Kabla hajamaliza, akaingia mgeni, katibu wa kijiji kimoja, kuuliza habari za chanjo. Masjala ina sheria moja kubwa kuliko zote: mgeni akiingia, faili halibaki mezani. Mama karani aliishika sheria hiyo maisha yake yote. Aliona taa nyekundu imezimika, akafungua kimlango, akatoa disketi ya Old Moshi, akaitia kwenye bahasha yake, akaifungia kabatini. Ndipo akamsalimia mgeni.

Mgeni alipotoka, akakumbuka maagizo ya daktari. Akachukua disketi ya Mwika, akaitia. Kwenye kioo bado kulikuwa na sahihisho lake la Old Moshi, halijahifadhiwa. Akabonyeza kuhifadhi, kwa sababu aliambiwa kwamba mashine ina akili.

Niliporudi alikuwa amesimama.

"Mwanangu, njoo uone. Nimetia Mwika, inanipa watu wa Old Moshi."

Nikacheka. Nikatoa disketi, nikatazama lebo: Mwika. Nikairudisha, nikaizima mashine, nikaiwasha upya. Watu wa Old Moshi. Nikajaribu tena. Safari hii ilileta mstari mmoja wa Old Moshi na baada yake alama za ovyo, kama kuku wamekwangua kioo.

Nitaeleza kwa maneno ya kawaida kilichotokea. Kompyuta ikipewa disketi, kwanza husoma faharasa yake: nini kimewekwa wapi, na wapi pako wazi. Faharasa hiyo inaishika kichwani isije ikarudia kuisoma kila dakika. Katika mashine za chuoni kwetu ulikuwepo waya mwembamba unaotoka kwenye kimlango. Kimlango kikifunguliwa, waya unapeleka habari, na kompyuta inatupa faharasa ya zamani na kusoma mpya. Mashine yetu haikuwa na waya huo. Kimlango kilifunguliwa kikafungwa, yenyewe imekaa vile vile, imeshika ramani ya nyumba ya kwanza, na kwa ramani hiyo ikaingia nyumba ya pili. Ikaandika faharasa ya Old Moshi juu ya faharasa ya Mwika, na orodha yake iliyosahihishwa juu ya sehemu ya watu wa Mwika.

Daktari mkuu alikuja baada ya chakula cha mchana kuulizia jina. Nilimwambia kuna hitilafu.

"Hitilafu gani?"

"Disketi zilibadilishwa katikati ya kazi."

"Nani alibadilisha?"

Nilimtazama mama karani, na hilo lilikuwa jibu tosha. Sijapata kulijibu swali vibaya kama siku ile.

"Mama," daktari alisema polepole, "kuanzia sasa usiiguse hiyo mashine."

"Ndiyo, daktari," alisema. Daftari lake lenye jibu langu lilikuwa mezani, mbele yake, limefungwa.

Mtu atauliza: na karatasi za maabara, zilizoandikwa majina siku ya kupimwa? Karatasi zile, kwa uhaba uliokuwepo, tuliziandikia chati za joto la wagonjwa kwa upande wa nyuma. Mimi ndiye niliyependekeza, kwa kuwa sasa tuna kompyuta. Chati hutundikwa kitandani, mgonjwa akipona zinachomwa. Nilipita wodini vitanda vyote nikigeuza chati moja moja. Nilipata nusu ukurasa wa watu wa eneo lingine. Yule mama mwenyewe alikuwa amelala kwa ubavu karibu na dirisha, akanitazama nikigeuza chati yake.

"Homa imepanda?" aliniuliza.

"Hapana, dada. Naangalia tu."

Mumewe alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Alikuwa kijana mpole, mikono imejaa makovu ya kukata miwa. Kila nilipopita alisimama, kama ninavyosimama mimi mbele ya mchungaji.

"Shikamoo, mtaalamu." Hakunizidi wala sikumzidi kwa miaka mingi, lakini aliniamkia. "Mashine imemwona mtu?"

"Inatafuta."

"Haya. Mimi nipo hapa."

Na nakala? Hapa ndipo penye uzito. Fundi yeyote aliyesoma anajua kwamba orodha ya namna ile haiwekwi mahali pamoja tu. Tulipewa disketi kumi. Moja ya kuwashia mashine, moja ya programu, sita za maeneo, na moja iliota ukungu katika mvua za masika. Ya kumi ilikuwa nakala ya Mwika, kwa kuwa Mwika ndiko kulikokuwa na watu wengi. Daktari alijua ipo. Aliniuliza jioni ile ile, nikamwambia nayo imeharibika kwa ukungu.

Ukweli ni kwamba mwezi mmoja kabla, niliisafisha disketi ya kumi, nikaipangilia upya tangu mwanzo mpaka mwisho hata pasibaki herufi, nikaandika humo barua ya kuomba kazi katika ofisi moja kubwa Dar es Salaam, pamoja na maelezo ya maisha yangu, kurasa nne. Niliona hospitali ni ndogo kwa mtu kama mimi.

Jumatano alfajiri nilikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Nilikuwa nimekumbuka jambo moja la chuoni: kinachopotea kwanza ni faharasa. Maandishi yenyewe, yale ambayo hayakuandikiwa juu, bado yapo mahali pake, kama vyombo katika nyumba iliyong'olewa namba ya mlango. Inawezekana kuisoma disketi kipande kwa kipande bila kupitia faharasa. Disketi moja ilikuwa na vipande mia saba na ishirini. Kila kimoja kinakuja kwenye kioo kimejaa namba upande huu, na upande ule herufi chache zinazosomeka, nyingine takataka.

Kazi ile inahitaji watu wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika. Nikamkuta mama karani masjala, anapanga faili kwa mwendo wa mtu aliyeudhiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba unisaidie kuandika."

"Nimekatazwa kugusa," alisema. Kisha akachukua penseli na kiti chake. "Kuangalia sikukatazwa."

Tukaanza. Mimi nabonyeza, nasoma kwa sauti, yeye anaandika. Vipande vya mwanzo vilikuwa Old Moshi vitupu, na kila kilichotokea nilihisi kama mtu ananifungia mlango usoni. Baada ya hapo tukapata nusu mtu: kijiji bila jina, jina bila damu. Kundi A. Kundi B. O ya kawaida, nyingi. Umeme ulififia, kioo kikanywea pande zote, kisha ukarudi. Saa nne ulikatika kabisa kwa saa nzima. Jenereta ilikuwepo, lakini dizeli yake ilikuwa imewekwa kwa operesheni ya Ijumaa, nisingethubutu kuiomba. Tulikaa mbele ya kioo cheusi. Nje ya dirisha niliona kofia ya yule kijana wa miwa.

"Mwanangu," mama karani alisema, "ulisema itajua yenyewe."

"Nilisema."

"Niliandika."

"Najua, mama."

Akachonga penseli kwa wembe, taratibu. "Mtu akiingia kwangu bila hodi, mbwa hubweka. Kuku hukimbia. Hata jirani atachungulia. Hii ina mlango, mtu anatoka mwingine anaingia, na mwenye nyumba hajui. Mlango wa namna gani huo?"

Akaendelea kuchonga.

"Na ile ya kumi iko wapi?"

"Ilipata ukungu."

"Ya ukungu ni ile ya tisa, niliitupa mwenyewe shimoni. Ya kumi niliiona kwenye droo yako. Umeandika kwa mwandiko wako mzuri: Barua Binafsi." Akapuliza vumbi la penseli. "Bwana Stashahada, mimi sikumwambia daktari. Sina haja. Utamwambia mwenyewe."

Umeme ukarudi. Sijapata kufurahia umeme kama siku ile, maana ulinipa mahali pa kutazama.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri tulipofika kipande kilichoanza katikati ya neno. Nilisoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma: "…ISA LA JUU. FUNDI CHEREHANI. O HASI."

Mama karani aliacha kuandika. "Rudia."

Nikarudia. Nikafungua kipande kilichotangulia, ambamo jina lilipaswa kuwa. Kilikuwa mtu wa Old Moshi, herufi zimenyooka, safi kabisa, amekaa juu ya jina la mtu wa Mwika.

Tulimaliza vipande vyote mia saba na ishirini. Hakukuwa na O hasi mwingine. Kama walikuwepo wawili au watatu, wengine waliandikiwa juu. Tulikuwa na fundi cherehani mmoja, karibu na kanisa la juu, Mwika, asiye na jina.

Landrova ya hospitali haikuwa na mafuta. Alhamisi kabla jua halijatoka niliteremka mjini kwa miguu, nikapata lori la kubeba kahawa linalopanda upande wa Mwika kupitia Himo, nikakaa juu ya magunia matupu na koti langu la ng'ambo. Njia nzima nilihesabu yanayoweza kuharibika. Huenda fundi alihama. Huenda alikufa. Huenda anaumwa malaria, au amekwenda Bomang'ombe kununua vitambaa. Huenda aliyeandika orodha alikosea kundi, na aliyeandika orodha nilikuwa mimi.

Nilipofika, niligundua kwamba Mwika ina mafundi cherehani wengi kuliko nilivyodhani. Wa kwanza alikuwa njia panda. Nilimweleza, akacheka.

"Damu? Mimi yangu waliimaliza mbu wa Kahe nilipokuwa nalima mpunga. Nenda kwa mwingine."

Wa pili hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Utakuwa unamtaka yule wa kanisa la juu. Yule hupenda kupimwa pimwa. Watu wa afya wakija, yeye wa kwanza kwenye foleni. Nafikiri hufuata biskuti."

Nilipanda kilima kwa kasi ambayo stashahada haikunifundisha. Chini ya kibaraza cha mabati alikuwepo mtu wa makamo, amezungukwa na sketi za kijani za wanafunzi, pini zimejipanga midomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alisema bila kudondosha pini hata moja.

"Uliwahi kupimwa damu na watu wa hospitali?"

"Nilipimwa. Wakasema damu yangu ni adimu, wananiandika, nikiitwa nije."

"Nimekuja kukuita."

Akanitazama juu mpaka chini, koti, viatu vilivyojaa vumbi jekundu. "Unamwita nani? Maana tangu umefika hujanitaja jina."

Nilitamani kusema lolote isipokuwa ukweli, lakini nilikuwa nimechoka. "Jina lako limepotea, baba. Kwenye mashine kumebaki cherehani na kanisa."

Akatoa pini mdomoni, zote, akaziweka kwenye kisahani. Kisha akacheka mpaka mkewe akatoka ndani. "Mama, sikia! Mashine ya hospitali imesahau jina langu, ikakumbuka kazi yangu. Hiyo kweli mashine ya Mchagga!" Akafuta macho. "Nani mgonjwa?"

Nikamweleza. Mama wa watu, kutoka Kigoma, hana ndugu hapa, operesheni kesho asubuhi.

Akatazama sketi zake. "Hizi nimeahidi Jumatatu."

"Nenda," mkewe alisema. "Pindo nitapiga mimi. Ila wasikutoe yote, nyumba hii bado ina kuni za kupasua."

Tulifika hospitali jua likizama nyuma ya mgongo wa mlima. Fundi maabara akampima upya, na mimi nikasimama mlangoni nikiwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kama nilikosea kuandika, safari ilikuwa ya bure na hapakuwa na siku nyingine. Fundi maabara aliinua kile kigae cha kupimia, akakiinamisha kwenye mwanga, akakiinamisha tena. Nilitaka kumnyang'anya.

"O hasi," alisema. "Na inakubaliana na ya mgonjwa. Mletee mzee mtori anywe kwanza."

Ijumaa asubuhi jenereta iliwashwa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na yule kijana wa miwa, kwa kuwa sikuweza kukaa ofisini. Hakuniuliza chochote kuhusu mashine. Alivua kofia, akaivaa, akaivua. Kuna wakati metroni alitoka mbio, akaingia maabara, akarudi na ile chupa moja ya damu ya fundi cherehani ameikumbatia kifuani kama mtoto. Kijana akanishika mkono, akaubana. Makovu yake yalikuwa magumu kama gamba. Niliwaza: kama ile chupa isingekuwepo, mkono huu ungekuwa umeshika nini sasa hivi? Na angenishukuru vile vile, maana angeambiwa mashine iliharibika.

Mtoto alilia kabla ya saa nne. Kwa mama ilichukua muda zaidi. Daktari alipotoka, gauni lake limelowa, alisema maneno machache tu: "Alivuja sana. Chupa ile ndiyo iliyomvusha. Yuko salama." Kijana alikaa chini sakafuni.

Nilirudi ofisini, nikafungua droo, nikachukua disketi ya kumi. Nikapita masjala. Mama karani aliiona mkononi mwangu, akaendelea na faili zake. Nikaenda hadi kwa daktari mkuu, mlango ulikuwa wazi, lakini nilisimama nje.

"Hodi."

"Karibu."

Nilimwambia yote mawili: kwamba mimi ndiye niliyewaambia watu mashine inajua, wakati haijui, na kwamba nakala haikupata ukungu. Niliiweka disketi mezani. Akasoma mwandiko wangu kwenye bahasha.

"Barua ilijibiwa?"

"Bado."

"Wakiuliza ulifanya nini huku mlimani, utawajibu nini?"

Hakunifukuza. Alimwita mama karani, akamwomba radhi mbele yangu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mimi Jumanne. Kisha akatoa agizo: orodha ya Mwika itaandikwa upya, kijiji kwa kijiji, kwa miguu, na mkuu wa msafara atakuwa mama karani. Mimi nikabeba sanduku la vifaa, yeye akatangulia na daftari. Alinisahihisha kila kijiji tulichopita, na sikuwahi kumjibu.

Baadaye nilikaa nikakisoma kitabu cha mashine ukurasa kwa ukurasa, pamoja na maandishi madogo, nikaandika programu fupi. Hii naisema kwa fahari, kwa kuwa hakuna aliyenisaidia: kabla mashine haijaandika chochote, inasoma kwanza jina lililo ndani ya disketi, inalilinganisha na lile ililoshika, na yasipofanana inagoma. Kwenye kioo inaandika HODI, kisha inauliza ni disketi gani. Mama karani aliipenda sana. Kila ilipomuuliza, aliijibu kwa sauti kabla ya kuandika, "Mwika hapa, karibu," na wagonjwa kwenye benchi walidhani ana mgeni.

Disketi ya kumi ilirudi kuwa nakala. Barua ya Dar ilipotea humo kwa namna ile ile iliyopotea Mwika, na sikuitafuta kipande kwa kipande.

Yule fundi cherehani tulimwandika wa kwanza. Mama karani alinitaka nimwandike kwa kalamu kabla ya kumtia kwenye mashine. Aliniandikisha mbele ya fundi mwenyewe, kibarazani kwake, jina lake, la baba yake na la babu yake, na mzee akawa anaangalia juu ya bega langu kuhakikisha sijaacha herufi. Nimesahau majina mengi tangu wakati huo. La kwake ninaweza kulitaja nikiwa usingizini.